Siku Mkandarasi Alipokuja Mazoezini

Kazi yake ilikuwa kushukuru, na ndiyo maana kila mtu pale ukumbini alimwita Mama Shukrani. Kwenye barua ya ajira aliandikwa afisa wa wafadhili, lakini hayo ni maneno ya karatasi. Alichofanya hasa ni kukumbuka watu. Alijua nani hapendi kukaa karibu na mlango, nani amefiwa, nani binti yake amejifungua, na nani akipigiwa simu kabla ya saa nne asubuhi siku yake yote inaharibika. Mtu akitoa chochote kuusaidia ukumbi, kikubwa au kidogo, alipata kadi iliyoandikwa kwa mkono ndani ya siku tatu. Si siku nne.

Kabla ya hapo alikuwa mwigizaji, tena wa kutegemewa, kwa miaka kumi na mmoja, mpaka koo lilipomgeuka. Daktari alimwambia akiendelea kupaza sauti ataipoteza kabisa. Alilia wiki nzima. Kisha akaingia katika ofisi ndogo iliyopakana na chumba cha mavazi, akapewa meza, simu na kabati la mafaili, akaanza upya. Mama yake mzazi, aliyeishi naye, hakuielewa kazi hiyo hata chembe. Kila jioni alimuuliza, "Haya, leo umemshukuru nani?" na akishajibiwa alitikisa kichwa kama mtu aliyesimuliwa kichekesho kisichochekesha.

Mwaka huo shida ilikuwa paa. Mabati ya juu ya jukwaa yalikuwa yameoza, na mvua ikinyesha waigizaji walicheza huku wakikwepa ndoo. Watazamaji wa zamani walishazoea; wageni walidhani ndoo ni sehemu ya mchezo. Mkurugenzi, bwana mwembamba aliyetembea na miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, alikuwa ameandika maombi kwa kila aliyemfikiria. Majibu yalikuja matamu na matupu.

Ndipo akapatikana Mkandarasi. Alikuwa na kampuni yake ya ujenzi, mtu wa miaka sitini na ushee, mfupi, mwenye mabega mapana kama mlango, asiyependa hotuba. Mwanzoni aliletwa na mkewe, aliyependa michezo ya kuigiza. Mkewe akachoka, yeye akaendelea kuja peke yake, akikaa safu ya sita, pembeni. Mama Shukrani hakuwahi kumvika kilemba cha ukoka kama wengine walivyofanya. Alimtembeza nyuma ya jukwaa, akamkutanisha na fundi wa taa, akamwacha aulize maswali yake ya nguzo na kuta. Hilo lilichukua miaka miwili. Siku moja, bila kuombwa, Mkandarasi aliinua macho juu, akasema, "Mbao hizi zitawaangukia. Nitawawekea paa." Mkurugenzi alipopewa habari alitafuta kiti akakaa.

Sasa, mchezo wa msimu ule ulihusu mjenzi. Mjenzi huyo anapunja saruji, jengo linaanguka, watu wanaumia, naye anaishi miaka yote akisema ni ardhi iliyotitia. Aliyeutunga alikuwa mwanamke kijana ambaye hakuwahi kumwona Mkandarasi hata kwa mbali, na aliumaliza kabla paa halijatajwa. Na ilikuwa desturi ya ukumbi kwamba wiki mbili kabla ya kufungua mchezo wowote, wafadhili wanaalikwa kutazama mazoezi, kisha wanakunywa chai na waigizaji.

Mkurugenzi aliingia ofisini kwa Mama Shukrani akafunga mlango nyuma yake.

"Dada, safari hii Mkandarasi asialikwe."

"Haiwezekani. Anaalikwa kila mara."

"Basi mwambie tumeahirisha. Mwambie lolote. Akishaezeka paa, aje aone mpaka achoke."

"Akishaezeka ndipo ajue? Atasema tumemchezea shere."

"Na akijua kabla, hatuna paa."

Mama Shukrani alipangapanga kadi zake ambazo tayari zilikuwa zimepangika. "Nitamwambia mwenyewe," alisema. "Kabla hajakanyaga hapa."

Mkurugenzi aliishusha miwani ya kichwani juu ya ile ya machoni, jambo alilolifanya akizidiwa. "Tukimkosa huyu, dada, mbele ya bodi mimi simo."

Kesho yake Mama Shukrani alimfuata Mkandarasi kazini. Ofisi yake ilikuwa kontena katikati ya eneo la ujenzi, lina dirisha moja na meza iliyojaa michoro, vumbi limetanda mpaka kwenye vikombe. Nje mashine ya zege ilikuwa ikizunguka, kwa hiyo ilibidi wasogeleane ili wasikilizane.

"Mzee, nimekuja kukuambia jambo kabla hujalisikia kwa wengine."

"Mmepata mtu mwingine wa paa?"

"Hapana. Mchezo wetu mpya una mjenzi ndani yake. Ni mjenzi mbaya. Jengo lake linaanguka."

Mkandarasi aliiweka penseli mezani. "Mnanisema mimi?"

"Mtunzi hakujui. Aliandika kabla hujatuahidi kitu."

"Nitoe bati langu, halafu mnitukane chini ya bati hilohilo."

"Ndiyo maana nimekuja. Ukitaka kujitoa, jitoe leo, na sisi tutaendelea kukualika kama kawaida. Ukitaka kuona kwanza, mazoezi ni Jumamosi saa nane."

Mkandarasi alikunja mchoro mmoja. "Wengine wangenificha."

"Wengine walitaka," Mama Shukrani alisema, na papo hapo akatamani kuung'oa ulimi wake. Lakini Mkandarasi alishachukua kofia yake ngumu na kutoka kwenda kuwapigia kelele watu wa zege.

Jumamosi alikuja. Wafadhili walikuwa kama thelathini, wamevaa vizuri, wananong'ona kama wako kanisani. Mjenzi alichezwa na mwigizaji mkubwa wa pale, pande la mtu waliyemwita Radi kwa ajili ya sauti yake. Ilipofika sehemu ya jengo kuanguka, masanduku yaliyofunikwa magunia yalimwagika jukwaani kwa kishindo, na Radi akasimama juu yake akacheka. Alicheka kicheko kirefu, kinene, cha mtu asiyejali, halafu akasema ni ardhi. Wafadhili walipiga makofi. Mama Shukrani hakuwa akitazama jukwaa. Alikuwa akimtazama Mkandarasi, aliyekaa ameishika kofia kwa mikono miwili, hapepesi macho.

Chai ilipoletwa, kiti chake kilikuwa kitupu.

"Umeona?" mkurugenzi alimwambia kwa sauti ya chini, huku akitabasamu kwa ajili ya wageni. "Umetumwagia unga wetu sote."

Jumatatu Mama Shukrani alikaa na kadi moja saa nzima. Aliandika, akachana, akaandika tena. Mwishowe ikabaki hivi: Asante kwa kuja Jumamosi. Najua haikuwa rahisi kukaa mpaka mwisho. Kiti chako kipo. Mkurugenzi aliisoma kabla haijafungwa kwenye bahasha, akauliza mbona paa halikutajwa.

"Kadi ya shukrani haiombi," alijibu, akalamba bahasha.

Wiki ikapita kimya. Mama yake alipomuuliza swali lake la kila jioni, alijibu, "Nilimshukuru mtu ambaye nadhani amenichukia."

Mama yake aliacha kukunja nguo. "Amejibu?"

"Bado."

"Mpe muda. Baba yako akinuna ilikuwa siku kumi kamili, hata ukimpikia nini."

Mkandarasi hakupiga simu. Alikuja mwenyewe, asubuhi, akaketi kwenye kiti cha wageni, magauni ya jukwaani yamening'inia nyuma ya kichwa chake. Hakusalimia sana.

"Yule mtu wenu anacheka," alisema.

"Radi?"

"Ukuta umeanguka, anacheka. Mimi sikucheka."

Mama Shukrani aliziweka kadi zake kando. Jukwaani alikuwa amejifunza kwamba kuna ukimya ambao ukiujaza umeuharibu.

Mkandarasi alisimulia akiangalia sakafu. Miaka thelathini na minne nyuma, alipopata kazi yake ya kwanza ya kujitegemea, alijenga ukuta wa ghala. Mchanga ulioletwa ulikuwa na udongo mwingi, na alijua, maana aliufikicha kwa vidole vyake. Kusubiri mchanga safi kungechukua siku mbili, na mwenye ghala alikuwa anamkaba. Akajenga. Wiki moja baadaye, asubuhi, ukuta ukalala chini, na aliyekuwa chini yake ni mdogo wake, tumbo moja, ambaye ndiye aliyekuwa mwashi wake. Hakufa. Mguu ulisagika.

"Niliwaambia watu ni mvua. Hata yeye nilimwambia ni mvua. Mpaka leo anajua ni mvua."

"Na pale ukuta ulipoanguka, ulifanya nini?"

"Nilihesabu matofali. Yaliyovunjika. Mdogo wangu analia chini kule, mimi nimepiga magoti nahesabu moja, mbili, tatu. Nilifika arobaini ndipo nikamsikia." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Mwambieni yule aache kucheka. Badilisheni hapo tu. Wiki ijayo naleta mabati."

Lilikuwa jambo dogo. Mama Shukrani alijua mkurugenzi angekifuta kicheko hicho hata kabla Mkandarasi hajamaliza sentensi. Alijua pia kwamba mvua zilikuwa njiani. Alipiga moyo konde.

"Siwezi, mzee. Anayetuwekea paa hapangi kinachosemwa chini yake. Nikikubali kwako, kesho mwenye duka la viatu atataka hata maiti wa jukwaani avae viatu vya dukani kwake."

Mkandarasi alitaka kucheka, ikashindikana.

"Lakini Radi ni msikivu," aliendelea. "Nikimwita, unaweza kumweleza ulichonieleza. Si kama mfadhili, kama mtu tu. Ataamua mwenyewe. Anaweza kuendelea kucheka vilevile."

"Na nikikataa?"

"Utakunywa chai, nitakusindikiza mpaka mlangoni, na siku ya kufungua mchezo kiti chako kipo."

Mkandarasi aliyatazama magauni, akatazama dirisha. "Mwite."

Walikaa chumba cha mavazi zaidi ya saa moja. Mama Shukrani alibaki upande wa pili wa ukuta, akibana vipeperushi kwa pini, na kwa makusudi akawasha feni ili asisikie. Radi alipotoka alikwenda moja kwa moja kumtafuta mtunzi. Hao walibishana siku mbili, mpaka fundi wa taa akatishia kuwazimia umeme, na mwishowe mtunzi alikubali kwa sharti kwamba maneno yake mengine yote yabaki kama yalivyo.

Siku ya kufungua, Mkandarasi hakutokea. Mkurugenzi alikipitia kiti kile cha safu ya sita mara tatu kabla taa hazijazimwa. Siku ya tatu alikuja, na hakuwa peke yake. Alimshika mkono mwanamume aliyefanana naye kama sarafu na sarafu, isipokuwa huyu alitembea kwa fimbo, mguu wa kushoto ukiburuta nyuma. Mkandarasi alikuwa amekata tiketi zote mbili mwenyewe dirishani, akakataa za bure.

Masanduku yakaanguka kwa kishindo kilekile. Radi hakucheka. Alipiga magoti polepole, akaokota kipande kimoja, akakiweka pembeni, na kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua anayo, akaanza kuhesabu. Moja. Mbili. Tatu. Alihesabu bila haraka, na mahali fulani baada ya ishirini watu waliacha hata kukohoa. Mama Shukrani, akiwa amesimama karibu na mlango wa nyuma, aliona kichwa cha yule mwenye fimbo kikigeuka kumtazama kaka yake. Kiligeuka kikabaki hukohuko. Mkandarasi alitazama mbele tu, machozi yanamtiririka, hayafuti.

Watu walipotoka, ndugu wawili hao walichelewa kwa sababu ya mguu. Mama Shukrani alikuwa mlangoni akiagana na wafadhili, akajishughulisha na vipeperushi vyake ili wasione haya.

"Nilitaka kukuambia kwa mdomo," Mkandarasi alisema. "Nimeshindwa miaka yote. Nikasema nikulete."

"Kuniambia nini?"

"Kwamba haikuwa mvua."

Yule mdogo wake aliegemea fimbo, akapumua. "Kaka, siku ile hapakuwa na mvua hata tone. Mimi ndiye niliyekuwa chini pale, nikiangalia mbingu nyeupe." Kisha akasema, "Na nilikuwa nakusikia ukihesabu. Nilidhani umerukwa na akili. Nilikuonea huruma."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa unalipa ada za watoto wangu, unakuja kila Ijumaa, unaongea juu ya mvua. Nikaona ukiacha mvua, labda utaacha kuja."

Mkandarasi alichukua mkono wa mdogo wake, ule usio na fimbo, wakashuka ngazi pamoja, hatua moja moja.

Mabati yalifika mwezi uliofuata, lakini ya upande wa jukwaa peke yake. Kampuni ilikuwa imekosa kazi mbili, na Mkandarasi alisema wazi kwamba hawezi zaidi ya hapo. Bodi ilitaka kumfanyia hafla na kumpachikia kibao ukutani. Alikataa vyote viwili. Alisimamia kazi mwenyewe kwa siku nne, akipanda na kushuka ngazi kwa umri wake ule, huku mdogo wake akiwa amekaa uani kwenye kiti cha plastiki, akikosoa kila msumari kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. Mkurugenzi aliwapelekea chai kwa mikono yake, na alipopita ofisini kwa Mama Shukrani alisimama kidogo mlangoni, akasema "Dada," basi, akaondoka.

Nyuma ya ukumbi, juu ya safu nne za mwisho, paa lilibaki lilelile. Mvua ya kwanza iliponyesha, jukwaa lilikuwa kavu, na watazamaji wa nyuma wakasogeza viti vyao mbele wenyewe bila kuambiwa. Jumatatu yake Mama Shukrani alichukua faili jipya, akaandika juu yake jina la mama mmoja mwenye kiwanda cha mikate, aliyewahi kuuliza mara moja tu, bila sababu, waigizaji wanawezaje kukumbuka maneno yote yale. Akaanza na kumtumia mwaliko wa mazoezi.