Vyuma vya Upande wa Nyuma

Haba na haba hujaza kibaba. Huko Tirol, kwenye milima ya Ulaya, haba na haba huvunja nyonga. Theluji hutua paani kimya kama usingizi, ikalundikana, kisha jua likichungulia rundo zima huporomoka. Ndivyo Bibi Filomena, aliyekuwa mpishi wa nyumba ya wageni na sasa mpangaji wa chumba cha nyuma, alivyopata mkongojo.

Kabla theluji ya mwaka huu haijaanza, Notburga, fundi paa, alikuwa juu, kamba kiunoni. Ukungu ulijaa bondeni, kengele za ng'ombe zikilia humo bila ng'ombe kuonekana, naye akajiona anaelea juu ya maziwa. Vyuma vya kuzuia theluji vilitosha upande mmoja tu.

"Mbele, kwa wageni!" mwenye nyumba, Bwana Alban, alipaza sauti kutoka chini. "Nyuma egemeza fito."

Fito mbili ukutani: ndiyo desturi ya huko ya kumwambia mpita njia atazame juu.

"Na Bibi Filomena?"

"Ofisa wa manispaa kakagua, kasema fito zinatosha. Akiziona, akimbie."

"Akimbie na mkongojo?"

"We Notburga, nimekuita upige misumari, si mdomo!" Akaingia ndani kunywa kahawa na ofisa wake.

Bibi Filomena alikuwa amesikia. Alichungulia dirishani kwake. "Mwanangu, usijitie matatani. Mie nitakaa ndani tu mpaka theluji iyeyuke."

"Miezi yote hiyo, bibi?"

"Si nina dirisha?"

Notburga akavuka kofia ya paa, akashukia upande wa nyuma na vyuma vyote. Aliinua kigae, akapigilia chuma kwenye papi, ubao ulio chini yake, akarudisha kigae, akasogea. Mlio wa nyundo ulimrudia kutoka ukunguni, kana kwamba kuna fundi mwingine huko, juu ya paa jingine, anamwitikia. Vyuma vilipokwisha, alishuka akaziegemeza zile fito mlangoni pa wageni, kando ya maua.

Bwana Alban alitoka na ofisa. "Wazimu gani huu? Wageni wangu wapite hapa?"

"Ofisa huyo hapo. Muulize kama mlango wa wageni una sheria yake."

Ofisa akajishughulisha na vifungo vya koti.

"Panda ukavihamishie vyuma mbele! Na uniombe radhi, la sivyo bonde hili hupati kazi tena."

Notburga akajitwika ngazi begani.

"Kazi ninyime, Bwana Alban. Radhi siombi."