Jaribio la Maji

Vumbi la chuma lilimjaa Ezra Tranter puani, kwenye nyusi, hata katika mkate aliotafuna akiwa amesimama. Tangu alfajiri alikuwa ameukandamiza mkono wa mashine, kipande cha breki kikisugua gurudumu lisilopumzika. Wakubwa wa kiwanda hiki cha mjini Tipton walijivunia chuma chao kipya cha kusubu, kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, cha breki za motokaa. Kigumu, hakiliki. Saa sita za msuguano, na unene wake haukupungua hata unywele.

Ezra akachota maji kwa kopo, akakimwagia kile kipande kikiwa bado kinafuka.

Ta!

Ufa ulipita ukingo hadi ukingo. Kilikuwa cha tatu kupasuka wiki hiyo.

"Mchungaji kabatiza tena!" wenzake wakacheka.

Nyapara Fellows hakucheka. "Nani kakutuma umwage maji?"

"Mvua, Bwana Fellows. Nimeendesha mkokoteni wa farasi miaka kumi na tisa. Mteremko wa Rowley haujawahi kunisubiri nikauke."

Fellows akaweka cheti mezani. Kilikuwa kimeandikwa tayari: chuma kimefaulu. Ilikosekana sahihi ya mjaribu tu.

"Jaribio letu ni kavu. Wanunuzi wa motokaa wana miavuli."

"Wao wanayo. Breki hazina."

"Ezra, mzee wangu. Nyumba unayolala ni ya nani?"

"Ya kampuni."

"Na Keziah, kifua chake kimetulia? Baridi ya nje haimfai mkeo."

Ezra alikitazama kile kipande. Chini ya mteremko wa Rowley kulikuwa na shule. Watoto huvuka barabara wakikimbizana.

"Sitii sahihi."

Fellows alikichukua cheti. Alimgeukia Amos Yardley, jirani wa Ezra, ambaye nyumba zao zilitenganishwa na ukuta mmoja. "Amos, mjaribu ni wewe sasa."

Amos alifuta mikono kwenye aproni, akafuta tena. "Nina midomo saba ya kulisha nyumbani, Ezra," alinong'ona. Kisha akaandika jina lake polepole, herufi moja moja, kama mtu aliyejifunza kuandika ukubwani.

Nje ya lango wanaume sitini walikuwa wakisubiri kazi. Walipomwona Ezra akitoka na koti lake mkononi, walisimama wote.

"Katoka mtu! Katoka mtu!"

Ezra akafungua mdomo awaambie habari za ule ufa. Kikatoka kikohozi, na mate meusi.

"Tupishe, mzee," mmoja alisema, akimsogeza kando kwa adabu, kwa kuwa mlinzi alikuwa ameshaanza kunyoosha kidole kumchagua wa kuingia.