Maua Yaliyotiwa Mapema

Jumamosi asubuhi fundi cherehani alibandika sufuria kubwa ya marehemu mkewe, akamimina maji ya kimea ya kupikia bia, akasubiri yachemke. Alikuwa na suruali ya mteja ya kupunguza kiuno, na kazi ya kwenda jikoni na kurudi hakuipenda tangu zamani. Kwa hiyo maua ya hopsi aliyatia yote mwanzoni, pakiti nzima, akajiona mjanja.

Lilikuwa kosa. Maua yale makavu hutiwa kidogo mapema ili bia ipate uchungu, na mengine huwekwa akiba hadi mwisho kwa ajili ya harufu, maana harufu haivumilii moto, inatoka na mvuke ikaenda zake. Mkewe alilijua hilo. Fundi hakulijua, ingawa mtaa mzima ulimwita Fundi Bia, na miaka nenda rudi alipokea sifa za bia ya mkewe sebuleni, amekunja nne.

Basi harufu ikatoka yote. Ikajaa jikoni, ikagota darini, ikashuka, na mkewe akawa amesimama kando ya jiko na lile gauni lake la samawati lililokatika kifungo cha shingoni. Alichukua mwiko akaanza kukoroga.

"Umetia yote," alisema.

"Nilikuwa na haraka."

"Haraka ya suruali."

Fundi alicheka, kisha machozi yakamtoka. Tangu amzike, nyumba ilikuwa imempwaya, na hamu ya mkewe ilimkaa kifuani usiku na mchana. Alisogeza kigoda karibu na jiko.

"Keti basi, mke wangu. Tuzungumze."

"Nani atakoroga?"

Fundi aliutazama mwiko. Akafikiri kidogo. Kisha akakikalia kigoda mwenyewe, wakazungumza hivyo hivyo, yeye ameketi na mkewe amempa mgongo. Alimwahidi kukishona kile kifungo, kama alivyomwahidi alipokuwa hai. Mvuke ulipopungua, mkewe naye alipungua, kuanzia miguuni, na mwiko ukaangukia sufuriani.

Bia ilipokuwa tayari, ilikuwa chungu kama shubiri na haikunukia chochote. Fundi aliimwaga bila kinyongo. Tangu hapo kila Jumamosi alitia maua mapema, mkewe akaja, akakoroga. Majirani walizoea. Waliomkuta walimsalimu, wakamuuliza za huko, naye aliwajibu ni nzuri, isipokuwa miguu inauma.

Jumamosi moja kinyozi wa jirani alipita na kuingia jikoni bila kubisha hodi, kama kawaida yake.

"Shemeji, za siku?"

"Nzuri tu. Umenenepa wewe."

"Si mnanitunza." Kinyozi akamgeukia fundi. "Bwana, bia zako za siku hizi hazinyweki. Huna hata chupa moja ya zile za zamani?"

Ilikuwepo moja, ya mwisho, nyuma ya kabati. Fundi aliifungua kwa shingo upande. Harufu ya maua ikatoka kwenye chupa. Kinyozi alipiga funda, akafumba macho.

"Hii ndiyo bia," alisema. "Mkono wako huu, fundi. Watu wana vipaji."

Mwiko ulisimama. Mkewe hakugeuka; aliinamisha kichwa tu, upande wa lile sikio lake lililosikia vizuri, na sufuria ikaendelea kutokota peke yake. Fundi alijua anachosubiri. Maneno yalikuwa machache na mepesi, na yalimfika hadi ulimini. Lakini kinyozi alikuwa akimtazama kwa heshima, na heshima ile alikuwa nayo kwa miaka mingi, na hakujua angebaki nani bila hiyo.

"Ni mazoea tu," alisema.

Mwiko ukaanza tena, taratibu.

Usiku ule fundi alilia hadi mto ukalowa, akajiapiza kwamba wiki ijayo atasema mbele ya watu bia ile ilikuwa ya mkono wa nani, na kifungo atakishona. Jumamosi ilipofika alitia maua mapema zaidi, hata kabla maji hayajapata moto, ili akae naye kwa muda mrefu. Mkewe akaja, shingo wazi. Fundi alimwambia anampenda, na ni kweli alimpenda. Kisha akasogeza kigoda, akaketi, na mkewe akasimama muda wote.