Mkono wa Dirishani

Mdogo wake Pangusa aliinama juu ya kioo, akakipumulia, na mkono wa mama yao ukatokea.

Ulitokea pole pole ndani ya ukungu wa pumzi: kiganja kwanza, kisha vidole, kile cha mwisho kimepinda kwa nje kama alivyokuwa nacho mama. Ukungu ukakauka. Kioo kikabaki kitupu, kama hakijawahi kuguswa na mtu.

"Umeona, dada?"

Dada alikuwa ameona. Alikuwa fundi wa kuyeyusha vioo, na wateja walimwita Pangusa, kwa sababu hakuna kilichoingia tanurini mwake kabla ya kuoshwa na kufutwa kwa spiriti. Katika joto lile, alama ya kidole huweza kuwa doa jeupe lisilotoka tena. Sifa yake yote ilikuwa vioo visivyo na alama.

Kioo hiki kilitoka kwenye dirisha la jikoni. Kila asubuhi, walipokuwa wakienda shule, mama alikiegemezea mkono wake wenye mafuta ya kupikia na kuwaambia jambo ambalo hawakulisikia kamwe, kwani dirisha lile halikufunguka. Waliona midomo tu, wakapunga, wakakimbia. Sasa mama hayupo, nyumba imebomolewa, na kioo kimeingia ufa pembeni. Tangu kifike karakanani, ufa ulikuwa ukitambaa kuelekea vidoleni.

"Nitakifunga kwenye blanketi, nikiweke kabatini," mdogo wake alisema.

"Kitapasukia humo humo. Ufa huu utafungwa na moto tu."

"Na mkono?"

"Moto unaweza kuula. Unaweza kukitia ukungu kioo kizima. Sijui."

"Wewe hujui? Wewe unayejigamba moto ni ndugu yako?"

"Ndugu yangu ni wewe, na wewe pia sikuwezi."

Mdogo wake hakucheka. "Basi sikiliza. Ukikiosha, usiniite mdogo wako tena." Akaenda kukaa kizingitini, akampa mgongo.

Mkono wa Pangusa ulikuwa umeshafika kwenye kitambaa chenye spiriti. Ulikwenda wenyewe, kwa mazoea. Akautazama kama wa mtu mwingine. Maisha yake yote alikuwa akifuta watu kwenye vioo, akiita kazi hiyo usafi.

Akakiweka kitambaa chini. Akakinyanyua kioo kwa kingo, akakilaza tanurini kama kilivyo, akashusha kifuniko.

Jioni alimwita mdogo wake. Wakachungulia kwa zamu katika kitundu cha tanuri. Ndani, kila kitu kilikuwa na rangi ya chungwa. Kingo zilikuwa zimelegea, zikawa za mviringo. Ufa ulikuwa uzi, kisha haukuwepo. Mkono nao haukuonekana.

"Umekwenda?"

"Humo sasa hivi ni mwanga mtupu. Lazima kipoe taratibu hadi kesho. Tukiharakisha, kitapasuka."

Asubuhi, alipoinua kifuniko, wote wawili waliinama kutazama.

Mkono ulikuwa pale. Mweupe kama unga uliomwagika, umezama katika uso wa kioo, na mistari ya kiganja ikisomeka. Ncha ya kidole kimoja ilikuwa imeliwa, pale ufa ulipogusa. Pangusa alikiinua kuelekea dirishani. Jua likapita kati ya vidole, kivuli cha mkono kikatua kifuani mwa mdogo wake.

Mdogo wake akasogea, akakipumulia. Ukungu ukaja, ukaondoka. Mkono ukabaki.

Kisha yeye, mtu mzima mwenye ndevu, akarudi kinyumenyume hadi mlangoni, akainua mkono, akapunga.

Pangusa, nyuma ya kioo, akahisi midomo yake inacheza bila sauti.