Milimita Thelathini na Tisa

Saa mbili kasorobo asubuhi, Enid Ackroyd alitoka nje na ndoo, akaifunga kamba ya kuanikia nguo, akaishusha taratibu ndani ya shimo lililokuwa barabarani mbele ya nyumba yake, namba kumi na saba, Mtaa wa Cobden. Ndani ya ndoo mlikuwa na chupa ya chai, mkate uliotiwa nyama ya nguruwe ya kukaanga, na gazeti la siku ile. Gazeti alilishusha kwa mazoea tu. Mumewe, Wilf, hakuwa akilisoma, kwa kuwa huko chini ilikuwa bado Alhamisi ya uchaguzi wa madiwani wa miaka minne iliyopita, na habari za siku ambazo hazijafika zilimchosha.

Alitumbukia Alhamisi hiyo akienda kupiga kura. Shimo alilijua vizuri, maana alikuwa ameliandikia baraza la mji barua saba kulilalamikia, lakini mvua ilikuwa imelijaza maji naye alikuwa na haraka. Zimamoto walileta ngazi. Wilf alipanda tangu asubuhi hadi jioni bila kukaribia juu, mpaka wakamwambia apumzike anywe chai. Ngazi ilitosha, siku ndiyo haikutosha. Alikuwa na miaka sitini na minane alipotumbukia, na ni hiyo hiyo aliyonayo mpaka leo. Enid, aliyekuwa mdogo wake kwa mwaka mmoja, sasa alimzidi kwa mitatu.

Baraza lilimtuma mkaguzi. Mkaguzi alipiga magoti, akachovya rula, akasoma milimita thelathini na tisa. Baraza huziba mashimo kuanzia milimita arobaini. Isitoshe, alieleza kwa upole, shimo la milimita thelathini na tisa haliwezi kuwa na mtu ndani. Wilf alimsalimia kutoka chini, naye akaitikia, kisha akajaza fomu na kwenda zake.

Sasa uchaguzi ulikuwa umerudi. Wagombea walikuja mmoja mmoja na maua ya kitambaa yenye rangi za vyama vyao vifuani, mwekundu, wa bluu, wa njano, wa kijani. Kila mmoja alichuchumaa kando ya shimo, akalinyooshea kidole, akakunja uso, akapigwa picha ya kuweka kwenye kipeperushi. Wilf aliinua mkono ili naye atokee.

Mtaa ulikuwa umechoka. Mama mmoja wa kura za maoni alipita nyumba hadi nyumba akiuliza watu wana uhakika gani kwamba watapiga kura, kuanzia sifuri hadi kumi.

"Niandikie sifuri," alisema Ibrar, dereva wa teksi wa jirani. "Wote walewale. Kofia inabadilika, kichwa ni kile kile."

"Wewe! Si uchaguzi uliopita ulibandika bango lao dirishani?" Enid akamchokoza.

"Lilikuwa linaziba ufa, mama. Ndiyo kazi pekee waliyowahi kunifanyia."

"Kumi!" sauti ya Wilf ikatoka shimoni. "Mimi niandikie kumi! Niko njiani, naenda sasa hivi!"

Yule mama akaandika kumi. Juma lililofuata gazeti la mji lilisema kwamba ari ya wapiga kura imepanda.

Wanaojua mambo walisema kwamba mbio zilikuwa za watu wawili. Wa kwanza alikuwa Prosser, diwani wa miaka kumi na miwili, mdomo asali, ambaye aliwahi kuvaa maua ya vyama vitatu na safari hii hakuvaa lolote. Shimo lile alikuwa ameahidi kuliziba katika chaguzi tatu. Wa pili alikuwa Tamsin Greaves, mwalimu wa hesabu, mgeni kwenye siasa. Tamsin hakuja na mpiga picha. Alikuja na barua ya mkandarasi: akishinda, lori la lami litafika Jumatatu, saa tatu asubuhi.

"Kwangu mimi ahadi ni deni, Bi Enid," alisema.

"Na mume wangu?"

Tamsin aliinama akatazama chini. Alitazama kwa muda mrefu kuliko wenzake wote, na machozi yakamlengalenga.

"Nimeuliza. Fomu ina sehemu ya shimo, haina sehemu ya mtu. Naweza kukuahidi barabara. Zaidi ya hapo nitakuwa nakudanganya."

"Binti mkweli huyo!" Wilf alisema kutoka chini. "Enid, kura yako mpe huyo. Barua saba nimeandika, jamani! Barabara ni ya watu wote."

"Wilf, wanataka kukufukia."

"Vituo vinafungwa saa nne usiku, na hata haijafika, mke wangu. Nitakuwa nimeshapiga kura na kurudi."

Enid aliingia ndani akaketi jikoni. Aliogopa. Maisha yake yote alikuwa amewasema vibaya wanasiasa waongo, kwenye foleni ya posta, kwa daktari wa meno, hata kwenye maziko ya dada yake.

Siku ya kura alikwenda shule ya msingi, akapita mbwa watatu waliofungwa mlangoni wakiwasubiri wenyewe, akachukua penseli iliyofungwa kwa uzi. Jina la Tamsin Greaves lilikuwa juu. Mkono wake ulilipita, ukashuka, ukaweka alama kwenye jina la Prosser.

Prosser alishinda kwa kura moja. Kura zilihesabiwa mara tatu na kila mara ilibaki moja. Jukwaani aliweka mkono moyoni, akaapa kwamba Jumatatu, kabla ya lolote jingine, shimo la Mtaa wa Cobden litazibwa.

Jumatatu Enid alitoa kiti cha jikoni, akakiweka kando ya shimo, akaketi amevaa koti. Saa tatu ikapita. Gari la maziwa likapita, likalikwepa shimo. Saa sita Ibrar akamletea sambusa, akasimama naye kidogo. Mchana ukaisha, watoto wakatoka shule, na lori halikuonekana. Hapo Enid akalia kwa furaha, na aibu ya furaha ile ikamuumiza kuliko woga wa juma zima.

"Kuna nini huko juu?" Wilf akauliza. "Yule binti ameshinda?"

"Bado wanahesabu, mpenzi."

"Ulimpa?"

"Nilimpa," alisema Enid, ambaye katika miaka arobaini na sita ya ndoa hakuwahi kumdanganya.