Zilpa wa Malaba

Ukitaka kumjua Zilpa wa Busibwabo, mwangalie magoti. Yalikuwa yameota sugu kwa kupigwa sakafuni. Jumatano alifunga, Ijumaa alikesha, na Jumapili alikuwa wa kwanza kufika kanisani, gauni la buluu limepigwa pasi, kitambaa cheupe kichwani. Mwenyekiti wa Umoja wa Akina Mama, nani asiyemjua? Hata kuku wa jirani akipotea, watu walimkimbilia Zilpa awaombee. Lakini hayo maombi yote, mimi nakuambia, yalikuwa na ombi moja tu ndani yake: Mungu amrudishie Mercyline.

Mercyline alikuwa kitinda mimba wake. Miaka saba iliyopita alikwenda Malaba kukaa na Etyang, utingo wa malori, bila pete, bila barua, bila hata ng'ombe mmoja kufika nyumbani. Kanisa lao halina mchezo na mambo hayo. Jina lako linasomwa mbele ya watu, unatengwa na meza ya Bwana, na hakuna muumini anayeruhusiwa kula wala kunywa kwako mpaka urudi, usimame mbele, ukiri. Mchungaji alitaka kulisoma jina hilo mwenyewe. Zilpa akasema hapana, nipe mimi hiyo karatasi. Akaisoma bila sauti kutetemeka, na Mercyline, aliyekuja kutoka Malaba siku hiyo, ameketi benchi la nyuma anamtazama. Watu wakapiga makofi, haki ya Mungu! Wakasema huyu ndiye mama wa imani. Sifa hizo zilikuwa tamu Jumapili moja. Jumatatu akapakua chakula, akajikuta ametoa sahani mbili.

Tangu siku hiyo alimtamani yule mtoto kama mgonjwa anavyotamani maji. Alitamani hata makelele yake, kile kicheko cha kukoroma alichokuwa akimgombezea mbele ya wageni. Akisikia msichana anacheka njiani, aliacha jembe shambani akaenda kuchungulia kwenye ua. Na Malaba si mbali jamani, unakunywa chai kwako Busibwabo na kabla ya saa nne umefika. Lakini angeendaje, na yeye ndiye aliyesoma karatasi? Arudi yeye kwanza, akiri, ndiyo tukumbatiane. Hivyo ndivyo alivyojiambia miaka saba. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, kweli, lakini kiburi nacho kina uchungu wake.

Mwaka huu Umoja ulipokuwa unatafuta mahali pa kwenda kuhubiri, Zilpa alisimama haraka kuliko wote. "Twende Malaba," akasema. "Madereva wanapotea." Loo, madereva! Lini madereva waliwahi kumkosesha usingizi? Alikuwa amesikia kwa watu kwamba Mercyline ana hoteli ya mabati nyuma ya foleni ya malori, na alitaka kumwona, hata kwa mbali, hata mgongo tu.

Wakaenda, kina mama kumi na wawili kwa gari la kukodi. Waliimba kando ya matrela mpaka sauti zikakauka, na madereva wengine wakaitikia wimbo, wengine wakapandisha vioo. Saa saba njaa ikauma. Zilpa akatangulia kama mtu asiyejua anakokwenda, na miguu ikampeleka moja kwa moja mpaka kwenye ile hoteli.

Etyang alikuwa nje anageuza chapati. Ndani, pazia la chumba cha nyuma lilikuwa wazi. Kwenye godoro sakafuni alilala mwanamume mwenye ndevu, kifua wazi, na kando yake kwenye mkeka aliketi Mercyline, amemwegemeza kichwa mkononi, anamlisha uji kwa kijiko.

"Shindwa!" Milka, katibu wa Umoja, akapiga kelele. "Mchana kweupe, na bwana yake yuko hapo nje?"

Kina mama wakarudi nyuma. Na Zilpa, hapa ndipo ninapomkasirikia mimi, Zilpa akarudi nyuma pamoja nao. Mercyline aliinua macho, akamwona mamake, akarudi kwa kijiko chake.

"Mama, huyo ni dereva kutoka Kongo," Etyang akasema, akijipangusa unga mikononi. "Anaugua siku ya tatu. Hospitali wamempa dawa, lakini hana mtu. Tumempa godoro yetu, sisi tunalala kwa benchi."

"Mungu awabariki," Milka akasema. "Tutamwombea." Kisha akawageukia wenzake kwa sauti ya chini. "Lakini chai ya hapa hatuwezi kunywa. Mnajua sheria."

Basi hivyo. Maombi wangetoa, chai wasinywe. Walikuwa wameshaanza kutafuta hoteli nyingine kwa macho wakati mtoto wa kike, miaka kama mitano, alipotoka na kikombe cha maji juu ya sahani. Akapita wote, akasimama mbele ya Zilpa. Macho yalikuwa ya Mercyline kabisa.

"Unaitwa nani, mama?" Zilpa akauliza.

"Zilpa."

Furaha ilimjaa ghafla, kisha ikakatika. Kwao jina hutoka kwa marehemu. Nyanya akiwa hai, mjukuu haitwi jina lake; kufanya hivyo ni kumchimbia kaburi. Kina mama wote waliosimama pale walilijua jambo hilo, na Milka akajiziba mdomo kwa kiganja. Zilpa akapokea kile kikombe, akanywa maji yote, akaingia ndani.

"Mercyline."

"Karibu, mama," Mercyline akajibu, kwa sauti ya kukaribisha wateja.

"Nilikufa lini, mwanangu?"

Mercyline alimpangusa dereva ndevu kwanza.

"Jumapili ile," akasema. "Nilirudi hapa nikanyoa kichwa. Nikakaa matanga siku tatu, Etyang akipika chai ya waombolezaji, na mwombolezaji ni mimi peke yangu. Sikufanya kwa hasira, mama. Mtu aliye hai unamngoja. Kila gari likisimama unafikiri ni yeye, na ningekuwa wazimu. Aliyekufa unamlilia, unamaliza. Huyu alipozaliwa, nikasema basi, angalau niwe na Zilpa wa kuita."

"Na ulimaliza? Kunililia?"

"Wapi!" Mercyline akasema, na sauti ya wateja ikamwishia hapo hapo. Machozi yalimtoka, na hakuwa na mkono wa kuyafuta kwa sababu mmoja ulishika kichwa cha mgonjwa na mwingine kijiko.

"Mama Mwenyekiti!" Milka akaita kutoka nje. "Toka huko, watu wanaona! Tutamwambia nini mchungaji?"

"Mwambieni aandike karatasi nyingine," Zilpa akajibu bila kugeuka. "Jina analijua. Chai sijanywa bado, lakini nitakunywa."

Huko nje viatu vikasikika vikienda. Zilpa alibaki amesimama mlangoni. Kuomba alikujua, kuhubiri alikujua, hata kulia mbele ya watu alikujua, ila hapa mikono yake yote miwili ilikuwa ikining'inia bure.

"Nifanye nini, Mercy?"

"Sijui, mama. Sijawahi kuona mtu akirudi kutoka huko."

"Hata mimi sijawahi kurudi," Zilpa akasema. "Nionyeshe tu mahali pa kukaa."

Mercyline alisogea kwenye mkeka. Hakusogea sana, ila Zilpa alikaa.