Chumba cha Bibi Kokubanza

Clavery alifika Izigo Alhamisi mchana na sukari kilo mbili, tiketi ya ndege, rozari shingoni, na adabu iliyopita kiasi. Mtu mwenye adabu za namna ile mimi humtazama mara mbili, lakini nani aliniuliza? Alivua viatu mlangoni, akamsalimia mama Ephrasia kwa Kihaya cha wazee, lile neno lao la heshima, waitu, kila baada ya neno la tatu, akazisifia ndizi zilizokuwa jikoni kabla hajaonjeshwa. Alikuwa wakala wa kupeleka vijana kazini Ulaya. Jumamosi angerudi kumchukua Evelyne, binti pekee wa mama Ephrasia, ampeleke uwanja wa ndege Bukoba.

Evelyne alikuwa na shahada ya kilimo na miaka miwili ya kukaa nayo. Alipata kibarua cha miezi sita Maruku, akipima migomba ya utafiti, kikaisha. Baada ya hapo kazi yake ikawa kuulizwa na majirani kama amepata kazi. Kwa hiyo Clavery alipotaja Ureno, shamba la matunda, mkataba na chumba cha bure, alikubali harakaharaka. Hofu ilikuja baadaye, pasipoti yake ilipoingia kwenye mkoba wa Clavery, eti kwa usalama, ikawa haitoki.

"Huyu ana wasiwasi," Clavery alisema. "Si ajabu. Tumpigie Klaudia amwondolee."

Klaudia alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wake mama Ephrasia. Alikulia humo humo ndani, akasoma chuo, akatangulia Ureno mwaka jana kwa mkono wa Clavery huyu huyu. Tangu aende alikuwa hapigi simu. Anaandika tu kwamba kazi ni nyingi. Sasa sura yake ilitokea kwenye simu ya Clavery, nywele zimechanwa vizuri, pazia jeupe nyuma yake. Alikuwa amekonda. Alitabasamu, na tabasamu lile halikumtoka hata alipokuwa akimeza mate.

"Shikamoo mama mkubwa. Evelyne, mdogo wangu, njoo, huku kuzuri. Chakula kipo, kazi ya kawaida." Macho yake yalikwenda pembeni kidogo, yakarudi. "Na chumba changu kimetulia, kama kile cha bibi Kokubanza. Hakuna kelele, hakuna kutoka-toka. Ukija tutalala humo wote wawili. Mwambie bibi anikumbuke."

Mwiko wa mama Ephrasia ulisimama ndani ya sufuria.

Bibi Kokubanza alikuwa na mwaka wa tisa chini ya migomba, nyuma ya nyumba. Kila Krismasi Evelyne na Klaudia walipalilia kaburi lake na kusugua saruji kwa brashi, wakibishana nani kausugua msalaba vizuri zaidi. Kihaya kisingemsaidia Klaudia, maana Clavery alikijua kuliko yeye. Klaudia alikuwa ametafuta kitu wanachokijua watu wa nyumba hii peke yao, akakipata.

Evelyne alitaka kupiga kelele na hakuweza, kwa sababu Clavery akishtuka tu, simu moja ingetosha na Klaudia asingeonekana tena. Akacheka. Sijui alikitoa wapi kicheko kile.

"Sawa dada, nitamwambia."

Clavery akakata simu. "Kumbe bibi yupo? Mbona hamkuniambia? Siwezi kuondoka bila kumsalimia mkubwa wa nyumba." Akainuka. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na kutoka pale hadi msalabani hazifiki hatua ishirini.

"Amelala," Evelyne alisema.

"Nitamwamkia kidogo tu, waitu."

"Amelala," mama Ephrasia akadakia, akajisogeza mlangoni na sufuria mkononi, yeye ambaye hata kwenye mkutano wa kijiji haongei. "Akiamshwa huwa mkali. Jumamosi utamkuta macho. Lakini mwanangu, kuna jambo. Kesho padre anamwombea huyu kwenye misa. Anataka pasipoti aiweke altareni aibariki, na anwani ya huko amwandikie barua padre mwenzake. Wewe ni Mkatoliki, unajua."

Uongo mtupu. Evelyne alikuwa hajawahi kumsikia mama yake akisema uongo, na aliogopa kuwatazama usoni wote wawili. Clavery aliushika mkoba. Alimtazama mama, akaitazama sufuria, akamtazama Evelyne kwa muda mrefu mno. Lakini mtu aliyejifanya mcha Mungu kiasi kile angekataaje?

"Jumamosi nisiikose," alisema, akatoa pasipoti, akaandika anwani nyuma ya bahasha.

Jioni hiyo hiyo mama na binti walikuwa polisi Muleba. Afisa aliyewapokea, mwanamke aitwaye Nasma, hakuwacheka. Aliisoma anwani, akapiga simu mbili tatu, akasema polisi wa Ureno wataifikia nyumba hiyo, ila mama na binti warudi nyumbani wafungashe sanduku kama kawaida, Clavery asishtuke. Rahisi kusema. Ijumaa Clavery alipiga mara nne, na kila simu ilipolia Evelyne alikimbilia chooni kabla ya kuipokea.

Jumamosi alifika na sukari nyingine. "Leo bibi ameamka?"

"Ameamka," Evelyne alisema. "Karibu nyuma."

Akatangulia. Clavery alimfuata kati ya migomba, sukari ameishika kwa mikono miwili, hadi alipoona saruji na msalaba, na afisa Nasma amesimama kando na askari wawili. Alilisoma jina lililoandikwa pale, kisha akalisoma tena.

Simu yake ikalia. Namba ilikuwa ya Ureno. Nasma akaichukua, akaifungulia spika, akamwashiria aitikie.

"Clavery, mzigo umeshatoka?" iliuliza sauti ya mwanamume.

Evelyne aligeuka kulitazama sanduku lake pale mlangoni, akidhani ndilo linalosemwa. Kisha akaelewa kwamba mzigo ni yeye.

"Umetoka," Clavery alisema, macho kwa Nasma.

"Vizuri. Mwenzake yuko hapa, nimwambie atandike."

Mama Ephrasia hakungoja ruhusa ya mtu. Alisogea hadi kwenye simu. "Baba, mimi ni mama yao, nipo hapa na Clavery. Naomba umpe Klaudia salamu moja tu. Mwambie bibi ameamka."

Ile sauti ikacheka kidogo, ikageukia pembeni. "Wewe, nyumbani wanasema bibi ameamka."

Kisha wakamsikia Klaudia akianza kulia, na yule mwanamume akimwuliza, bibi kuamka nalo ni jambo la kulia?